Masaa 16 ya kusubiri ndege Dubai: yatumie kama mtaji

Somo la leo ni la wale wanaofuata mzigo China, hasa Guangzhou, na tiketi zao zinapitia Dubai. Wote tunajua kwamba tiketi ya bei poa mara nyingi ndiyo ile yenye kusubiri kurefu. Unatua Dubai asubuhi, ndege ya Guangzhou inaondoka usiku. Katikati hapo kuna saa 12, 14, hata 16. Wengi wanazimaliza kwenye viti vya uwanjani, mkoba wameulalia, wanaamka kununua chai kwa bei ya sahani ya pilau.

Mimi nauza abaya, mitandio na manukato, na njia hii naipita. Ninachotaka ukichukue leo ni kitu kimoja: masaa hayo ni mtaji, na mtaji huo unanunua TAARIFA, haununui mzigo. Ukitoka nje ya uwanja ukaingia Deira na Dragon Mart, ukaandika bei, utafika Guangzhou unajua kipi ununue kule, kipi uache, na kipi uje uagize Dubai. Ukiwa na mtaji mdogo, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi na faida au kurudi na stoo iliyojaa.

Twende hatua kwa hatua.

1. VIZA NA TIKETI, KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya, hugongewi viza ukifika tu Dubai. Ukitaka kutoka nje ya uwanja lazima uwe na viza mkononi kabla ya safari. Zipo viza za kupita za aina mbili: ya saa 48, ambayo ni bure, na ya saa 96, ambayo ada yake ni dirham 50. Zinaombwa kupitia mashirika ya ndege yenye makao yake Falme za Kiarabu, na wakala anayekushughulikia anaweza kuongeza malipo yake. Haziongezwi muda. Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi mbele yake.

Uliza pia kuhusu hoteli. Emirates wana mpango unaoitwa Dubai Connect, wa hoteli na chakula kwa abiria wenye kusubiri kurefu. Una masharti, na unaombwa mapema, sio ukishafika. Kama wewe mwenyewe ulichagua kusubiri kurefu wakati ndege ya karibu zaidi ilikuwepo, usitegemee.

Halafu angalia tiketi yako ni moja au mbili. Tiketi moja kutoka Dar hadi Guangzhou, begi lako kubwa linapitiliza. Hakikisha pale kaunta: ile karatasi inayobandikwa kwenye begi isomeke CAN, ndiyo Guangzhou. Ikisomeka DXB, begi linashukia Dubai. Kama umeunganisha tiketi mbili tofauti, begi utalichukua mwenyewe Dubai na kulikabidhi upya, na bila viza hutaweza kutoka kulifuata. Watu wanafurahia tiketi mbili kwa sababu jumla yake ni ndogo, wanasahau kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari na wewe.

2. PIGA HESABU YA MASAA KAMA UNAVYOPIGA YA PESA

Tuchukue mfano. Ndege inatua saa 12 asubuhi, nyingine inaondoka saa 4 usiku, saa za Dubai. Jumla ni saa 16. Sasa toa:

- Kushuka, foleni ya uhamiaji, kutoka nje: saa 1 na nusu
- Kurudi uwanjani mapema: saa 3
- Njiani, kwenda, kuhama soko na kurudi: saa 2

Zinabaki saa 9 na nusu. Na hizo nazo sio zote za soko, kwa sababu maduka mengi ya Deira yanafunguliwa kama saa 4 asubuhi, na mengi madogo yanapumzika mchana, kuanzia saa 7 hivi hadi saa 10. Kwa hiyo mtu anayesema "nina masaa 16 Dubai" ana saa 6 au 7 za kazi. Zipange.

Kanuni yangu: kusubiri chini ya saa 8, usitoke. Ukitua usiku ukaondoka alfajiri, lala, maana maduka yamefungwa. Mwezi wa Ramadhani ratiba inageuka, maduka yanachangamka usiku.

Angalizo la saa: Dubai wako mbele yetu saa moja. Tiketi inapoandika 22:00 ni saa 4 usiku ya Dubai, wakati nyumbani ni saa 3. Badilisha saa ya simu ukishatua tu, na saa ya mkononi pia.

Kwa nini nasisitiza muda? Kwa sababu ukikosa ndege ya pili, hupotezi kiti cha siku hiyo tu. Kwa tiketi nyingi, usipotokea kwenye kipande kimoja cha safari, vipande vyote vilivyobaki vinaweza kufutwa, pamoja na cha kurudi nyumbani. Fikiria mtu amekopa kikoba milioni 4, nusu inakwenda kununua tiketi mpya. Hakuna bei ya mtandio itakayorudisha hiyo.

3. KUTOKA UWANJANI HADI DEIRA

Begi la mkononi kama ni zito, kuna sehemu za kuhifadhi mizigo kwa malipo Terminali 1 na 3. Sokoni utatembea sana, usibebe kitu usichokihitaji.

Treni ya metro inasimama Terminali 1 na Terminali 3. Terminali 2 haina kituo, utachukua teksi. Nunua kadi ya Nol ya fedha: dirham 25, ndani yake kuna nauli ya 19. Panda Laini Nyekundu hadi kituo cha Union, hamia Laini ya Kijani. Kituo kinachofuata ni Baniyas Square, halafu Gold Souq, halafu Al Ras. Vyote vitatu ni eneo la soko.

Ndani ya metro usile, usinywe hata maji, faini yake ni dirham 100. Kaka zangu, kuna behewa la wanawake na watoto, limeandikwa, usiingie. Jumapili treni zinaanza saa 2 asubuhi. Siku nyingine zinaanza mapema zaidi.

Teksi ukiichukua pale uwanjani, mita inaanzia dirham 25. Mkiwa watatu au wanne mnagawana, inalipa. Peke yako, panda treni.

Kama ni Ijumaa, jua kwamba kipindi cha swala ya mchana maduka yanafungwa. Na kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo mizunguko ya nje ifanye asubuhi, mchana uwe ndani.

4. ASUBUHI: DEIRA

Ukifika kabla maduka hayajafunguliwa, kula kitu cha moto, kisha tembea Al Ras. Huko ndiko kuna soko la viungo na wauzaji wa jumla wa vyakula: mchele, njugu, hiliki, karafuu. Wewe unayeuza viungo vya Zanzibar, simama uangalie namna wanavyofungasha na bei wanayotaja kwa kilo. Ni dakika 20 tu, lakini utajua bidhaa yako ikivuka bahari inaonekana vipi.

Saa 4 ikifika ingia kazini. Soko la Naif ni la abaya, mitandio na nguo. Murshid ni la vitu mchanganyiko na vitambaa kwa jumla. Manukato na udi viko mitaa ya karibu na Soko la Dhahabu.

Namna ya kuuliza bei ndiyo somo lenyewe. Deira kuna wenye maduka wanaojua Kiswahili, wengine ni Waomani waliokulia Unguja. Mzee mmoja muuza mitandio nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu." Nikauliza bei ya mtandio mmoja. Akacheka. "Mwanangu, hiyo unayouliza ni bei ya mtalii. Niambie unataka dazeni ngapi, nami n'takwambia bei ya biashara."

Maneno ya mzee huyo yanakutosha kwa soko zima. Usiulize bei ya moja. Uliza maswali haya manne, kwa mpangilio huu:

- Bei ya dazeni ni ngapi?
- Bei ya katoni ni ngapi, na katoni ina vipande vingapi?
- Kiasi cha chini unachouza ni kipi? Naruhusiwa kuchanganya rangi?
- Nikiagiza nikiwa nyumbani, unamkabidhi wakala wangu wa mizigo hapa hapa?

Swali la nne wengi hawaliulizi, na ndilo linalogeuza duka kuwa msambazaji wako. Chukua kadi ya duka na namba ya WhatsApp. Piga picha ya bidhaa na ya kibao cha duka, lakini omba ruhusa kwanza. Sheria za kule ni kali kuhusu kupiga watu picha bila ridhaa yao. Na jua kwamba kupiga simu kwa WhatsApp ukiwa Dubai kwa kawaida hakupatikani, ila ujumbe na sauti za kurekodi zinakwenda. Waage wa nyumbani mapema wasije wakadhani umepotea.

Kuna vijana watakaokufuata mtaani wakikunong'oneza kuhusu saa na mikoba ya majina makubwa. Waambie asante, endelea. Bidhaa bandia ni kosa kule, na nyumbani Tume ya Ushindani, FCC, inazikamata. Vipodozi navyo kwetu viko chini ya TBS, kwa hiyo kabla hujapenda bei ya krimu, jua kama itaruhusiwa kuingia.

5. MCHANA: DRAGON MART

Saa 7 Deira inapoanza kulala, wewe hama. Chukua teksi hadi Dragon Mart, eneo la International City. Ni jengo refu sana, zaidi ya kilomita moja, lililofunguliwa 2004, lenye maelfu ya maduka ya bidhaa za China. Lina viyoyozi na halilali mchana. Metro haijafika mlangoni pake, kwa hiyo bajeti ya teksi iweke hapa.

Mtu ataniuliza: naenda China kesho, nikaangalie bidhaa za China Dubai za nini? Jibu ni kwamba hapo unaona bidhaa ile ile ikiwa imeshasafirishwa na inauzwa kidogo kidogo. Sasa una bei ya kulinganisha. Ukifika Guangzhou mwenye duka akikutajia bei karibu na ya Dubai, unajua ameona mgeni.

Tembea na orodha ya bidhaa zako tano, zisizidi. Jengo lile litakutembeza hadi usahau ulichofuata.

6. HESABU YA USIKU ULE ULE

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725. Kwa hiyo bei yoyote ya Dubai igawe kwa 3.67 upate dola. Bei zako zote ziandike kwa dola, ndipo utalinganisha vizuri na yuani za kule mbele.

Angalia mfano huu. Namba ni za kufundishia, sio bei za soko. Mtandio Dubai dirham 6 kwa bei ya dazeni, sawa na dola 1.63. Guangzhou mtandio huo huo unatoka dola 1.10. Haraka haraka utasema China ni rahisi, basi. Ngoja. Yule wa Guangzhou anataka uchukue vipande 300 kwa kila rangi. Unataka rangi 5. Hiyo ni mitandio 1,500, dola 1,650. Wa Dubai anakuuzia dazeni 2 kwa kila rangi. Rangi 5 ni mitandio 120, dola 196 hivi.

Kwa mitandio hiyo 120 Dubai umelipa zaidi kwa dola 64 hivi. Hiyo dola 64 ichukulie kama ada ya kujaribu soko. Ikiwa rangi tatu zimekataliwa na wateja wako, umebaki na mitandio 72 ya kuuza kwa kupunguza bei. Kama ungenunua China, umebaki na 900, na pesa ya watu wa kikoba imelala humo. Ukishajua rangi zinazotoka, ndipo unaagiza Guangzhou 300 kwa kila rangi bila wasiwasi, na ile senti 53 kwa kila mtandio inakuwa yako.

Ndiyo maana nasema kila bidhaa ina soko lake. Mpya usiyoijua, anzia penye kiasi kidogo. Inayotoka kila wiki, ifuate penye bei ya chini.

Usisahau usafiri. Wakala wa mizigo ya ndege anatoza kwa kilo, lakini boksi kubwa jepesi analitoza kwa ujazo. Kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 50 linatoka kilo 20, hata kama kwenye mizani lina kilo 12. Tembea na futi ya kushonea, pima boksi dukani, andika. Halafu jumlisha ushuru wa nyumbani. Bei ya dukani bila usafiri na ushuru sio bei.

7. USINUNUE, ISIPOKUWA SAMPULI

Najua mkono utawasha. Lakini kumbuka begi lako kubwa limeshapitiliza. Chochote unachonunua unapanda nacho ndege mkononi, na unakwenda nacho China na kurudi nacho.

Wauza manukato wenzangu, hapa mnisikilize. Kupita ukaguzi wa uwanjani kimiminika kwenye begi la mkononi ni chupa isiyozidi mililita 100. Chupa kubwa ya dirham 150 uliyoinunua Deira itabaki kwenye ndoo ya takataka pale kwenye mashine. Chukua vichupa vidogo vya sampuli, viweke pamoja kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha.

Ukinunua kitu cha maana cha kuanzia dirham 250, uliza kama duka limo kwenye mpango wa kurudishiwa VAT kwa wageni. VAT ya kule ni asilimia 5 na sehemu kubwa yake hurudishwa uwanjani, ukiwa na karatasi ya duka na bidhaa yenyewe.

Dola za kununulia mzigo China zisikae kwenye pochi unayoifungua kila duka. Badilisha kiasi kidogo tu cha dirham, kwa nauli, chakula na sampuli. Na ukifika China, fedha taslimu zinazozidi dola 5,000 zinatangazwa forodhani, kwa hiyo jua idadi yako.

8. KURUDI

Saa 11 na nusu jioni ondoka Dragon Mart, hata kama kuna duka moja limebaki. Jioni barabara zinajaa, na uwanja una foleni ya uhamiaji na ya ukaguzi. Kaa karibu na geti lako, kunywa maji, fungua daftari. Ndiyo saa nzuri ya kupiga ile hesabu ya namba 6, kwa sababu Guangzhou wako mbele ya Dubai kwa saa 4 na ukitua ni asubuhi, hutakuwa na akili ya hesabu. Ukimaliza, lala ndani ya ndege. Anayeingia sokoni Guangzhou bila kulala hukubali bei ili tu akakae chini.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Chukua daftari, chora safu saba: bidhaa, duka, bei ya dazeni kwa dola, bei ya katoni kwa dola, kiasi cha chini, vipimo vya boksi, na namba ya duka. Andika bidhaa zako tano upande wa kushoto leo hii, ukiwa nyumbani umetulia. Ukishuka Dubai kazi yako ni kujaza nafasi tu. Na kwa yule asiye na safari mwaka huu, daftari hilo hilo lifanyie kazi Kariakoo, Gikomba au Kikuubo: siku moja ya kuuliza bei bila kununua chochote. Utashangaa ulikuwa unamlipa nani faida yako.

Safari njema, na biashara iwe na baraka.